Kwa nini mfugaji hauzi ng'ombe wake kabla ya ukame?

Kila ukame unaporudi, picha zilezile hurudi nao: mizoga ya ng'ombe kando ya barabara, mbuzi waliobaki mifupa, mzee akimsaidia jike kusimama kwa kumshika mkia. Na swali lilelile hurudi pia, kwenye daladala na matatu, kwenye vikundi vya WhatsApp, hata bungeni: huyu mtu alikuwa na ng'ombe mia, kwa nini hakuuza nusu mapema, akajenga nyumba nzuri na kuweka pesa benki? Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Kenya ya kaskazini, Ethiopia ya kusini na Somalia. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Upande wa Tanzania, wilaya za Simanjiro na Longido zilizika maelfu ya ng'ombe kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022. Swali likaulizwa tena, safari hii kwa hasira.

Ni swali la haki na linastahili jibu la kweli. Jibu hilo limo ndani ya kundi lenyewe: lina ng'ombe wa aina gani, kila mmoja ana kazi gani, na ni wa nani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ufugaji wa kuhamahama ni ule ambao mifugo hufuata malisho na maji kulingana na msimu, badala ya malisho kuletwa zizini. Si lazima familia nzima ihame. Kwa Wamasai wa leo, boma la kudumu lenye wazee, akina mama na watoto wa shule hubaki mahali pake, na vijana huondoka na sehemu ya kundi kwenda ronjo, yaani kambi ya muda ya kiangazi. Ufugaji huu ni tofauti na ranchi, ambapo ng'ombe wamezungushiwa uzio, na ni tofauti na ufugaji wa ndani wa Kilimanjaro au Kiambu, ambapo ng'ombe wawili watatu hukatiwa majani. Wapo pia wafugaji-wakulima, kama Wasukuma wengi, wanaolima mahindi, mpunga na pamba huku wakimiliki makundi makubwa. Makala haya yanahusu hasa kundi la kwanza, na mifano mingi nimeitoa Umasaini, pande zote mbili za mpaka wa Namanga.

Sasa tuingie zizini. Chukua boma lenye watu kumi na ng'ombe 50, idadi ambayo mtu wa mjini akiisikia humwita mwenyewe tajiri. Tuhesabu kwa makadirio ya kawaida ya ng'ombe wa kienyeji katika nyanda kame. Kati ya hao 50, majike yaliyokwisha kuzaa yatakuwa kama 20. Mitamba, yaani majike machanga yasiyowahi kuzaa, na ndama jike ni kama 12. Waliobaki ni ndama dume, maksai wachache na dume la mbegu mmoja au wawili. Jike wa kienyeji katika mazingira haya huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama minne, kisha huzaa kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Kwa hiyo katika majike 20, wanaokamuliwa siku moja ni kama kumi tu. Kila mmoja, baada ya ndama kunyonya sehemu yake, huwaachia watu lita moja au moja na nusu. Hizo ni lita 10 hadi 15 kwa watu kumi, na hapo mvua imenyesha vizuri. Kiangazi kikikaza, maziwa hayo hushuka hata chini ya nusu.

Na mauzo je? Majike 20 yatazaa ndama kama 12 kwa mwaka. Watatu huenda wakafa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, au kwa kuhara au fisi. Katika tisa watakaokua, nusu ni madume. Ongeza majike mawili matatu yaliyozeeka. Boma hili lina ng'ombe sita au saba wa kuuza kwa mwaka bila kulipunguza kundi. Hao ndio ada za shule, mahindi ya miezi ya njaa, dawa za mifugo, nauli ya hospitali, harusi na michango yote ya kijiji. Utajiri wa ng'ombe 50 unaishia hapo.

Mtu wa pwani ataielewa hesabu hii kwa haraka akifikiria shamba la minazi. Madume, maksai na majike yaliyozeeka ni nazi. Majike yanayozaa na mitamba ni minazi yenyewe. Hakuna anayemshangaa mwenye shamba kwa kutokata minazi yake auze magogo kila anaposikia tetesi za mwaka mbaya. Mfugaji anapoambiwa "uza nusu", baada ya kuwa amekwisha kuuza madume yake, anaambiwa akate shina.

Hapa ndipo dhana ya kwanza inapoanguka, ile ya kwamba wafugaji hawauzi. Wanauza kila wiki. Tanzania ina minada ya awali vijijini, minada ya upili kama ule wa Pugu jijini Dar es Salaam, na minada ya mpakani kama wa Longido. Nyama inayochomwa Vingunguti jijini Dar na Dagoretti jijini Nairobi, na mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko, hukohuko Nairobi, wengi wametoka kwa hawahawa wanaosemwa kuwa hawauzi. Wanachokataa kuuza ni jike anayezaa, na wana sababu.

Sababu ya kwanza ni bei. Ukame haumpigi mfugaji mmoja. Unapiga wilaya nzima kwa wakati mmoja. Wote wanapeleka mnadani wiki ileile, ng'ombe wamekonda, madalali wanajua hali, na bei inaporomoka. Wakati huohuo mahindi yanapanda. Kenya, taarifa za mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame hufuatilia jambo hili kwa kipimo kimoja chepesi: mbuzi mmoja anunua kilo ngapi za mahindi? Mwaka mzuri mbuzi hununua mahindi mengi, na familia hupata chakula kingi zaidi kwa kumuuza kuliko kwa kumchinja. Mwaka mbaya mbuzi yuleyule hununua sehemu ndogo tu ya mahindi hayo. Wanaosema "auze kabla bei haijaanguka" wanasahau kwamba mvua iliyochelewa wiki tatu na mvua iliyokosekana kabisa zinafanana mpaka wiki ya nne.

Sababu ya pili ni kurudi. Pesa za ng'ombe waliouzwa zinaliwa. Familia haiwezi kuziangalia tu benki huku watoto wana njaa. Mvua ikirudi kila mtu anatafuta mitamba, na mitamba haipo sokoni. Aliyeuza majike kumi kwa bei ya kutupa anaweza asipate hata wanne kwa fedha ileile.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Ukame mkali ukichukua asilimia 60 ya kundi la 50, wanabaki 20, na kati yao labda majike manane. Ukichukua kiasi hichohicho cha kundi lililokuwa limepunguzwa hadi 20, wanabaki wanane, na majike watatu. Kutoka majike manane familia inaweza kujijenga upya kwa miaka michache. Kutoka majike watatu, ikitokea wote wamezaa madume, au mmoja ameharibu mimba, safari imeishia hapo. Waswahili walikwisha kuliona: ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huo ni ukweli wa makundi madogo kabla haujawa malalamiko. Ndiyo maana mfugaji huingia kwenye ukame akiwa na wengi kadiri awezavyo, hasa majike. Atapoteza wengi na analijua hilo. Anachotafuta ni wale watakaobaki.

Kuna mbuzi na kondoo pia, ambao wageni huwasahau. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu na huweza kuzaa pacha. Baada ya ukame ndio wa kwanza kuongezeka, na familia iliyopoteza ng'ombe hupanda kupitia wao: beberu wanauzwa, pesa zinakusanywa, mtamba mmoja ananunuliwa. Huko Isiolo, Marsabit na Wajir, kaskazini mwa Kenya, ngamia hufanya kazi nyingine kabisa. Anaendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe amekauka, na akina mama wa Isiolo wamejenga biashara ya kweli ya kuyapeleka maziwa hayo kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi.

Dhana ya pili ni ya kuzurura. Mtu akipishana na kundi barabarani huona vijana wawili, fimbo na vumbi, akadhani wanakwenda popote ng'ombe wanapotaka. Mvua ya Longido, Kajiado au Simanjiro ni kidogo, lakini udogo si tatizo lake kubwa. Tatizo ni kwamba hunyesha kwa madoa. Bonde hili limepata, la pili limekosa, mwakani ni kinyume. Nyasi changa zina lishe kubwa kuliko nyasi zilizokomaa, na lishe hiyo hudumu wiki chache tu mahali pamoja. Kundi linalofuata madoa ya mvua linakula nyasi katika ubora wake mara nyingi kwa mwaka. Lililofungiwa mahali pamoja linazipata mara moja, kisha linatafuna mabua. Tafiti zilizofanyika miaka ya 1980 nchini Botswana na kwa Waborana wa Ethiopia zilikuta kwamba ufugaji wa kienyeji wa kuhama ulizalisha zaidi kwa kila hekta kuliko ranchi zilizolinganishwa nao. Ajabu ni kwamba sera nyingi zimeendelea kuandikwa kana kwamba matokeo hayo hayapo.

Wakati mwingine kuhama ni kukimbia ugonjwa. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa kwa malaki kwenye nyanda za nyasi fupi za Ndutu na Ngorongoro. Nyasi hapo ni nzuri ajabu, na Wamasai huzikimbia. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye lakini huua ng'ombe, na ugonjwa huo hauna tiba. Wafugaji hupandisha makundi kwenye miinuko yenye nyasi duni mpaka ndama wa nyumbu wakue. Anayeona ng'ombe kwenye kilima kikavu huku bonde la kijani liko wazi anaweza kusema hawa hawajui kuchunga, kumbe wanajua kitu ambacho yeye hakijui.

Na malisho yana wenyewe na yana kanuni. Karibu na boma la Kimasai hutengwa olopololi, eneo la ndama, wagonjwa na majike yaliyotoka kuzaa. Ng'ombe wengine wakiingia, mwenye kuwachunga hutozwa faini. Mbali zaidi kuna malisho ya masika, na mbali kabisa, karibu na mito, mabwawa na milima, kuna yale yanayoachwa hadi kiangazi. Kwa Waborana wa Isiolo wazee wa dedha, yaani eneo la malisho linalosimamiwa pamoja, ndio huamua malisho gani yanafunguliwa na lini, na kwenye visima virefu yuko msimamizi wa zamu, aba herega, anayepanga nani anyweshe siku gani. Ardhi ya pamoja haikuwa ardhi ya kila mtu afanye apendavyo. Uharibifu tunaouona leo kuzunguka visima na miji midogo ni wa kweli, siukatai. Lakini mara nyingi umetokea pale kisima kilipochimbwa bila kuwauliza wazee, au makundi yalipobanwa yasiweze kuondoka.

Tumefika kwenye swali la nani mwenye ng'ombe, na hapa ndipo ushauri wa "uza nusu" unagonga mwamba kabisa. Katika wale 50 wa boma letu, kila mke ana majike aliyotengewa kwa ajili ya maziwa ya nyumba yake, na maziwa hayo ni mamlaka yake: yeye ndiye anayegawa, anayeuza, anayeamua ndama aachiwe kiasi gani. Watoto wa kiume wana ng'ombe wao waliopewa tangu utotoni. Baadhi ya ng'ombe ni wa rafiki anayeishi wilaya nyingine, na wengine wa baba mwenye boma wako kwa watu wengine huko Monduli au Kiteto. Kutawanya hivi ni makusudi; ugonjwa ukiingia zizi moja, haumalizi mali yote. Wamasai wana uhusiano uitwao osotua, ambapo mtu mwenye shida anaweza kumwomba mwenzake, na huyo hutoa kadiri ya uwezo wake bila kuweka deni la kuhesabiwa. Wasomali wana utaratibu wa kumwazima jirani mnyama anayekamuliwa, Waborana wana wa ukoo kumchangia aliyefilisika ili aanze tena. Mtoaji naye anajua kwamba ukame ujao unaweza kumwangukia yeye. Kuuza mifugo ya namna hii kunahitaji vikao, na mkuu wa boma si mwenye kauli peke yake.

Sitaki kuchora picha ya asali na maziwa. Kugawana huku kunapungua. Wapo wenye mamia ya ng'ombe, wengine wakiwa ni wafanyabiashara na watumishi wanaoishi mjini, na wapo vijana wa Kimasai wanaolinda maghorofa ya Dar na Zanzibar kwa sababu kwao hakuna ng'ombe wa kurudia. Kaskazini mwa Kenya wizi wa mifugo, uliokuwa wa mikuki, sasa ni wa bunduki, na umeua watu wengi sana. Haya ni sehemu ya uchumi huu pia.

Na ile hoja ya "wafuge wachache wa kisasa"? Ng'ombe wa maziwa wa kizungu hunywa maji mengi kila siku, huhitaji majani mabichi mwaka mzima na hushindwa haraka na kupe. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kunywa kila baada ya siku moja, akatembea kilomita nyingi, akabaki hai. Wafugaji hawakatai kipya. Chanjo ya ndigana kali imepokelewa kwa wingi Umasaini Tanzania tangu miaka ya 1990, kwa sababu iliokoa ndama na kila mtu aliona. Kajiado wamechanganya damu ya Sahiwal, na wengi wameleta kondoo wa Dorper wenye nyama nyingi. Wakajifunza pia gharama yake: kondoo mwekundu wa Kimasai, mdogo na asiye na sura ya kuvutia mnadani, hustahimili minyoo na kiangazi kuliko Dorper, na baadhi ya wafugaji sasa wanamtafuta tena.

Kinachovunja uchumi huu, kwa maoni yangu, ni kupotea kwa malisho ya kiangazi kuliko wingi wa ng'ombe. Malisho hayo yako penye maji, na penye maji ndipo kila mtu anapopataka: mkulima wa mpunga, mwekezaji, hifadhi, mnunuzi wa viwanja. Ukichukua kipande hicho kidogo umechukua uwezo wa kutumia eneo lote kubwa lililobaki, maana malisho ya masika bila kimbilio la kiangazi hayana faida. Kenya ilianzisha ranchi za vikundi kwa sheria ya 1968. Miaka iliyofuata nyingi za Kajiado ziligawanywa kwa mtu mmoja mmoja, viwanja vikauzwa, nyua zikasimama. Tanzania, Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Magazeti yaliandika juu ya makabila mawili yasiyoelewana, wakati chini yake kulikuwa na ardhi yenye maji isiyo na mpango uliokubaliwa na pande zote. Mwaka 2022 mpaka mpya wa eneo la hifadhi la kilomita za mraba 1,500 uliwekwa Loliondo, na mjadala wa nchi nzima ukawa kama Wamasai wanapenda au hawapendi uhifadhi. Ilipasa kuulizwa pia: ng'ombe wa vijiji vile walikuwa wakienda huko mwezi gani, na sasa waende wapi mwezi huo?

Ziko njia zinazofuata mantiki ya kundi badala ya kupigana nayo. Mwaka 2010 ilianza Marsabit bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho. Haihesabu mizoga; malisho yakikauka kupita kiwango fulani, mwenye bima analipwa, na katika mpango wa serikali ya Kenya ulioanza 2015 malipo yalilenga kufika kabla ng'ombe hawajafa, ili yanunue majani makavu, maji na dawa za kuwabakisha hai majike wachache. Haitoshi, na si kila familia inamudu. Lakini inalenga mahali sahihi.

Wilayani Kiteto vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilifanya jambo gumu zaidi. Badala ya kila kimoja kupima ardhi yake na kuifunga, vilipanga pamoja matumizi ya ardhi, vikatenga malisho ya pamoja yanayovuka mipaka yao, na wafugaji wake wakaunda chama kinachoyasimamia kwa jina la Olengapa, lililoungwa kutokana na majina ya vijiji hivyo. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo inaruhusu vijiji kukubaliana hivyo. Kulihitajika mikutano mingi, ramani, kutatua ugomvi wa mipaka na wakulima, na fedha za kupima. Vijiji vingi vya Tanzania bado havina mpango wowote wa matumizi ya ardhi, na kila masika yanayopita bila mpango, shamba jipya hufunguliwa kwenye kingo za mto ambako ng'ombe walikuwa wakishuka Septemba.